Vindege Vyako Tumevitundika Juu

Mwaka umetimia leo, mdogo wangu, tangu asubuhi ile pumzi ilipokukataa ukiwa umekaa kitandani, mito mitatu mgongoni, dirisha wazi, burashi ikiwa bado imechomekwa sikioni. Mkeo aliitoa kabla hawajaja kukuchukua, akaiosha, akairudisha kwenye kikombe chake. Hakujua afanye nini kingine.

Matangazo ya kumbukumbu kama hili huwa yanasema marehemu alikuwa mpole, apumzike, basi. Ulikuwa mpole, nani atabisha? Lakini mimi dada yako si mpole, na familia imeniachia kalamu, kwa hiyo wanaosoma watuvumilie. Tutakulilia na tutasema. Yote mawili.

Miaka kumi na tisa ulipuliza rangi ndege za watu katika karakana ya uwanja wa ndege, na hukupanda hata moja. Ukiulizwa kwa nini, ulikuwa unajibu, "Za nje nimezimaliza, za ndani niachieni hamu." Ukitoka kazini unaoga, unakula, unakaa kwenye meza ya kupigia pasi karibu na dirisha, na ndege ile ile uliyoipaka mchana unaanza kuitengeneza upya, ndogo, ya kubebwa kwa mikono miwili. Kiwiliwili kutoka mbao za masanduku ya mizigo. Mabawa bati la kopo la soda. Mguu wa gurudumu mrija wa kalamu iliyokwisha wino. Madirisha uliyakata kwenye picha za eksirei zilizotupwa na hospitali, kwa sababu, ulisema, hakuna plastiki nyingine yenye giza zuri kama lile.

Kipimo chako kilikuwa kimoja tu, moja kwa sabini na mbili. Kila kilichopita mbele yako ukakigawa. Mtaa ukakupa jina, Sabini-na-Mbili, na uliliitikia. Siku moja shangazi yetu alikuuliza, "Na mimi je, nikigawanywa natoka kiasi gani?" Ukamtazama toka juu mpaka chini kama fundi anayetazama ukuta.

"Sentimita mbili na milimita mbili, shangazi. Ukivaa kilemba, mbili na nusu."

"Huna adabu wewe!" alisema, na wiki nzima akawa anawatangazia majirani kuwa anaweza kulala kwenye kijiko cha chai.

Na mimi nilipofukuzwa kazi ya kufua mablanketi ya ndege, kwa kosa la kuwaambia wafuaji wenzangu wasome mkataba kabla ya kutia sahihi, nilikuja kwako na hofu yangu yote. Hukunipa pole. Ulichukua karatasi, ukaandika urefu wa meneja wangu, ukagawa. "Dada, huyu anaingia kwenye kisanduku cha kiberiti na njiti zake anaziacha zilivyo." Nilicheka mpaka nikakaa sakafuni. Tangu siku hiyo hakuna mtu mwenye tai aliyenitisha. Hiyo ilikuwa zawadi yako kwangu, nami nimeitumia vizuri.

Kindege cha kwanza ulikiharibu. Tunakumbuka. Ulikipaka kwa rangi ya karakanani, ile ile ya ndege kubwa, kikang'aa kama pipi iliyolambwa. Siku mbili ulikizungusha mkononi hujui kosa liko wapi. Kisha ukaenda kwenye uzio wa uwanja, ukasimama ukitazama ndege iliyoegeshwa mbali kabisa, ukarudi nusu unakimbia. "Rangi nayo inagawanywa!" Ukatueleza kwamba kitu kikiwa mbali hupauka, na kindege ni ndege iliyo mbali, basi rangi yake lazima ipaushwe. Kuanzia hapo ukaacha kabisa rangi ya karakanani. Ulinunua rangi ya maji, ile inayochanganywa na maji ya bombani, kwenye vikopo vya ukubwa wa kidole gumba. Tone moja la nyeupe, unatembea mpaka mwisho wa korido, unafumba jicho moja, unarudi, unaongeza tone.

Msomaji, hiyo rangi ya maji iweke akilini. Tutaihitaji.

Wala vindege vyako havikuwa safi. Ulivichora moshi wa injini nyuma ya pangaboi, mafuta yaliyotiririka, kiraka kilichopigwa vibaya karibu na mlango. "Ndege safi ni ya kwenye kalenda," ulikuwa unasema. Burashi yako ilikuwa na nywele tatu, nyingine zote ulizinyoa kwa wembe. Moshi wa bawa moja ulikula jioni tatu.

Na ulipopiga msasa ulijifunga leso puani. Mkeo alikucheka. "Leso yote hiyo kwa ajili ya vumbi la kijiti cha meno?"

Ukamjibu taratibu, "Hapa leso ipo."

Hatukukuelewa siku ile, sote tulidhani ni utani wako wa kawaida.

Sasa tufike karakanani. Ndege moja humeza mapipa ya rangi, na rangi ile si ya maji. Ni ile inayokutoa machozi ukiwa nje ya mlango. Milango ya karakana hufungwa ili vumbi lisishike kwenye rangi mbichi, nanyi mko ndani, mabomba ya kupulizia mkononi, ukungu wa rangi umejaa mpaka mwenzako wa hatua tano humwoni. Mliomba barakoa zenye vichujio. Barua ya kwanza uliandika mwenyewe, ya pili tuliandika pamoja pale kwenye meza ya pasi, na zilizofuata nilishaacha kuzihesabu. Jibu lilikuwa neno moja.

Zimeagizwa.

Miaka kumi na tisa zimeagizwa! Hivi zinakuja kwa miguu? Kampuni yenye ndege, inayofikisha maua ya watu ng'ambo kabla hayajanyauka, imeshindwa kufikisha barakoa kutoka stoo hadi karakana.

Kikohozi kilianza kama cha mafua, kikakaa kama mpangaji. Ukaacha kupanda ngazi, kisha ukaacha kuimba bafuni, na hilo ndilo lililomtia hofu mkeo. Ulipoletwa nyumbani kutoka hospitali na bahasha kubwa ya picha ya kifua chako, hukukaa hata robo saa, ukachukua mkasi.

"Wewe! Hiyo picha daktari ataihitaji!" mkeo alipiga kelele.

"Daktari ameshaiona," ulisema, huku unakata. "Mimi ndiye ninayehitaji madirisha."

Ndiyo maana kindege cha mwisho, cha arobaini na mbili, kina madirisha yaliyokatwa kwenye mapafu yako. Hukuwahi kukipaka rangi ya juu. Ulikifikisha kwenye rangi ya chini, ile ya kijivu, ukachomeka burashi sikioni, ukasema utaendelea kesho asubuhi.

Tulikuzika. Miezi kumi na moja baadaye ikaja barua. Tunaiandika hapa kama ilivyo ili wasije wakasema tumeitia chumvi: "Uchunguzi wa kampuni umebaini kuwa maradhi ya marehemu yalitokana na mazoea yake binafsi ya kutengeneza ndege za kuchezea nyumbani kwa kutumia gundi na rangi katika chumba kisicho na hewa ya kutosha. Mjane anaombwa kutia sahihi chini ya maelezo haya ili faili lifungwe."

Za kuchezea. Soma tena, ndugu msomaji. Walichukua kitu pekee kilichokupa raha baada ya kazi yao, wakakifanya ndicho kilichokuua. Nimeona mengi. Nimeona watu wakifukuzwa kwa kukohoa karibu na mgeni. Lakini mtu kuuliwa na furaha yake mwenyewe, kwa muhuri wa kampuni, hilo lilikuwa jipya kwangu.

Wakaongeza kuwa afisa usalama wao atafika Jumanne kukagua meza na kuchukua sahihi.

Hapo ndipo shangazi alipoingia kazini. Wageni wanakuja, nyumba lazima ing'ae, si unamjua? Mimi na mkeo, wifi yangu, tulikuwa tumetoka kununua sukari. Tuliporudi tulimkuta amekunja mikono ya gauni, beseni la sabuni miguuni, sponji ya vyombo mkononi, na kindege chako cha tisa kinachuruzika maji.

"Mtoto huyu alikuwa mchafu jamani," anasema. "Tazama masizi haya! Nimesugua bawa zima ndiyo yametoka."

Wifi alitoa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwa mtu. Jioni zako tatu, mdogo wangu, zilikuwa ndani ya beseni. Nilikuwa naenda kumpokonya shangazi hilo sponji, nami nilikuwa na maneno tayari, yasiyofaa kuandikwa. Lakini yeye alikuwa ameshakigeuza kindege ili asugue tumbo, na akawa amesimama, amekileta karibu na pua.

"Hapa kuna wadudu," alisema. "Hapana. Ni maandishi. Nileteeni miwani."

Binti yako, aliyekuja mbio kwa ile sauti ya mama yake, ndiye aliyesoma; ni fundi umeme, macho yake yamezoea nyaya nyembamba. Herufi za burashi ya nywele tatu, ndogo kuliko chungu. Kulikuwa na tarehe, na baada ya tarehe: *Siku 11. Barakoa hakuna.*

Tukakigeuza cha kumi. *Siku 8. Barakoa hakuna.* Cha kumi na moja. Cha kumi na mbili. Tuliketi sakafuni wanne, sukari iko pale pale mlangoni, tukavigeuza vyote arobaini na moja, kimoja baada ya kingine, binti yako anasoma na mimi naandika. Arobaini vilisema hivyo hivyo. Kimoja tu, cha ishirini na sita, kilisema vingine: *Siku 9. Barakoa siku 1 (wageni).*

Hukutuambia, miaka yote hiyo. Sisi tulidhani unacheza na ndege, kumbe ulikuwa unaandika. Na mimi, ninayejisifu kuwa sisahau kitu, nilikuwa napita mbele ya kabati lako la vindege kila Jumapili nikitafuta chumvi.

Shangazi alilia kidogo, halafu akasema, "Bila mimi kusugua mngejua?" Tumemsamehe bawa. Tumekiacha cha tisa kilivyo, bawa moja lina moshi, lingine limeoshwa. Akija mtu kuuliza, shangazi mwenyewe anaeleza, na kila akieleza sifa zake zinaongezeka.

Jumanne akaja afisa. Kijana mwenye heshima zake, tai, futi ya kupimia, karatasi ya kujaza. Alipima meza. Alipima dirisha. Akahesabu vikopo vyako vya rangi, kumi na saba, akaandika "kemikali".

"Mwanangu," shangazi akamwambia, "hiyo ni rangi ya maji. Hata mimi nimeitoa kwa sponji."

"Na gundi, mama?"

"Ya mbao. Nyeupe. Huyu binti aliila akiwa mdogo, mtazame alivyo."

"Dirisha huwa linafungwa?"

"Halifungiki," alisema mkeo. "Aliliwekea kabari mwaka tulipohamia. Jaribu."

Alijaribu. Nikamwambia avitie vikopo vyote kumi na saba kwenye birika letu la chai, akaona vinaingia. Nikamwambia hiyo ndiyo rangi ya mwaka mzima, sasa anitajie ndege moja pale kwao inakunywa kiasi gani. Aligeukia kabati. Sikumlaumu, kila aliyeingia chumba kile aligeukia kabati. Akauliza kama anaweza kushika kimoja.

"Shika unachotaka," wifi alisema. "Ila ukishakishika, kigeuze."

Alichukua cha ishirini na sita. Kwa mkono wake mwenyewe, wala hatukumwelekeza. Akasoma. Akachukua cha pembeni yake, akasoma. Cha pembeni. Alipofika cha sita akakaa kwenye kiti chako bila kukaribishwa.

"Haya yameandikwa lini?"

"Kila ndege ilipotoka karakanani," binti yako alimjibu. "Tarehe si hizo? Kalinganisheni na daftari lenu."

"Lakini..." alilegeza tai. "Haya si maandishi rasmi."

"Barua yenu ni rasmi," nikamwambia, "na ni uongo. Haya si rasmi, na ni kweli. Sasa tuchague la kufanyia kazi."

Alitoa ile karatasi ya sahihi, akaitazama, akaikunja, akaitia mfukoni. Mlangoni akasimama mbele ya mkeo, akasema kwa sauti ya chini, "Mama, ndege ile ya ishirini na sita ninaikumbuka. Nilikuwa mwaka wa kwanza kazini. Siku walipokuja wageni, mimi ndiye niliyezigawa barakoa asubuhi na kuzikusanya jioni." Akaondoka. Alisahau kalamu yake mezani, kalamu iliyoletwa ili mkeo atie sahihi. Ndiyo hii ninayoandikia.

Jumamosi iliyofuata walianza kuja wenzako, watatu watatu, wamenyoa, wamevaa kama wanakwenda kuposa. Kila mmoja alitafuta ndege aliyoipuliza naye. Yule uliyemfundisha kushika bomba, yule mrefu anayecheka kabla hajamaliza kusema, alikishika cha thelathini na tatu akasoma bila kucheka. "Hii nilikuwepo. Siku kumi na nne." Kisha akakohoa. Mkeo aliinua kichwa kutoka jikoni, maana alikijua kikohozi kile.

Hakuna aliyetoa hotuba. Hata mimi, na unajua hilo ni jambo. Jumatatu wapaka rangi wote waliingia karakanani kama kawaida, wakaweka mabomba chini, wakageuza ndoo, wakazikalia. Msimamizi akawaambia barakoa zimeagizwa.

"Hamna shida, bosi," yule mrefu akamwambia. "Tunazisubiri hapa. Si zinakuja?"

Leo ni wiki ya tatu wako juu ya ndoo. Ndege imesimama katikati ya karakana, imechunwa rangi yote, iko bati tupu.

Na kampuni imetuandikia tena. Safari hii hawataji gundi. Wanaomba tuwakabidhi vindege vyote, "kwa uhifadhi". Hifadhi! Watu walioshindwa kuhifadhi mapafu wanataka kuhifadhi mbao. Jibu letu ni hili, na tunalitoa hadharani ili lisipotee njiani: vindege haviondoki. Anayetaka kuvisoma aje nyumbani, mlango unajulikana, chai ipo.

Unakumbuka ulivyombembeleza mkeo miaka mingi akuruhusu kuvitundika darini, viwe kama vinaruka? Alikuwa anakataa. "Vumbi atafuta nani?" Juzi yeye mwenyewe alimwita binti yako, akamwambia alete ngazi na uzi. Binti yako ametoboa dari kwa mpango, kila kindege na kitanzi chake, arobaini na kimoja, kutoka mlangoni mpaka dirishani kwako. Mkeo alisimama chini akimwelekeza. Upepo wa dirisha lisilofungika unavigeuza polepole. Ukiingia sebuleni sasa, mtu wa cheo chochote, ni lazima uinue kichwa, na ukiinua kichwa unaona matumbo.

Cha arobaini na mbili hakijatundikwa. Kiko mezani kwako, kijivu, madirisha yake ni yale yale. Ndege yake ndiyo ile iliyosimama karakanani bati tupu, ulikitangulizia kindege ukijua zamu yake itafika. Jana binti yako alichukua burashi yako kikombeni, akajifunga leso puani kama wewe ingawa hakuna vumbi, akakigeuza, akaandika tumboni neno moja, *Barakoa*. Akaacha nafasi.

"Mbona humalizii?" shangazi akamuuliza.

"Hapo si mimi wa kujaza," alisema. "Karakana ndiyo itakayojaza."

Akaosha burashi. Hakuirudisha kikombeni. Aliichomeka sikioni, akaenda kazini.

Unakumbukwa na mkeo, ambaye hakutia sahihi na hatatia; binti yako; shangazi yako wa sentimita mbili na nusu; wapaka rangi wote wa karakana, walioko juu ya ndoo asubuhi hii tangazo hili linaposomwa; na mimi dada yako, mwenye kalamu ya watu.

Lala, Sabini-na-Mbili. Sisi hatulali juu ya jambo lako, hatukusahau, na faili hatulifungi.